Mwalimu na Lugha: Somo Tulipatalo Mpakani Busia na Malaba

 

Katika darsa yetu iliyopita liliulizwa suala hili: Ni lini mwalimu huacha kuwa mwalimu? Wako waliojibu kuwa ni siku astaafupo. Wako waliosema ni siku afapo. Na mmoja wetu, mtu mzima aliyesomesha watoto muda mrefu, alisema, «Ni siku aachapo kujifunza. Na huenda baada ya siku hiyo akaendelea kushika chaki miaka ishirini, na mshahara akaupokea.» Neno hilo lilitunyamazisha. Leo twataka kulieleza kwa wasomaji wetu, na kulifungamanisha na jambo la pili ambalo haliachani nalo, nalo ni lugha. Kwani kukua kwa mwalimu katika kazi yake hakupimwi kwa kitu kama kupimwavyo kwa uwezo wake wa kuifikisha maana katika akili ya mtoto, na maana haina chombo cha kuipakia ila lugha.

Mfano wetu tumeuchukua mbali na pwani, katika Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Msomaji asistaajabu. Malori yatokayo Kilindini kwenda Kampala hupitia huko, na watu wa miji yetu wengi wana ndugu au jirani aliyelala Malaba akingojea karatasi zake za forodha. Lakini tuijuavyo sisi ni njia ya mizigo tu. Hatukupata kuiangalia kuwa ni mahali pa kujifunza.

Nchi ile mpaka mwaka 1902 ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, na kwa hivyo watu wa ukoo mmoja walijikuta wakitawaliwa na ofisi mbili. Wateso wako huku na kule. Wasamia wako huku na kule. Pamoja nao wako Wakhayo, Wamarachi na Wanyala, ambao ni katika Waluhya, na Wajaluo hawako mbali. Mtoto aliyezaliwa pande zile huanza kunena kwa Kikhayo, au Kisamia, au Kiteso. Akitumwa dukani husikia Kiswahili. Akivuka kumzuru shangazi yake huenda akasikia Kiganda. Kisha akitia mguu skuli, hutakiwa afikiri kwa Kiingereza.

Wala watu wale si wazito wa kushika lugha. Neno «boda boda», ambalo leo hakuna mji wa Afrika ya Mashariki usiolijua, lilizaliwa pale pale mpakani, katika miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakiwachukua watu kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili. Walilitwaa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalitia katika ulimi wao, wakalitumia kutafutia riziki, na sasa limekuwa neno letu sote. Hawakufundishwa na mtu. Walilijua kwa sababu maana yake ilikuwa mbele ya macho yao, na haja yake ilikuwa mfukoni mwao. Basi ikiwa watu hawa huyameza maneno ya kigeni kwa wepesi hivi, kwa nini watoto wao hushindwa na kitabu cha skuli? Hilo ndilo suala, na jawabu yake imetafutwa kwa hesabu, si kwa kukisia.

Katikati ya miaka ya 1990 walikuja pande zile wataalamu wa uchumi, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Wakati huo vitabu vilikuwa adimu mno, na kila mtu aliamini kuwa dawa ya ujinga ni vitabu. Wao hawakutosheka na kuamini, walitaka kupima. Zilitwaliwa skuli 100 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, kama zilivyokuwa zikiitwa siku hizo, na mwaka 1996 skuli 25 katika hizo zikapewa vitabu vile vile vya serikali, ambavyo lugha yake ni Kiingereza. Kisha wanafunzi wa skuli zilizopewa wakalinganishwa na wa skuli ambazo bado hazijapewa.

Matokeo yake, ambayo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2009, yaliwashangaza wengi. Kwa jumla, vitabu havikuongeza alama za wanafunzi. Waliofaidika ni wale wachache ambao tangu hapo walikuwa wakiongoza darasani. Waliobaki, vitabu vilikuwa mikononi mwao wala havikuwazidishia kitu. Na watafiti wenyewe walitaja sababu: Kiingereza kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na wengi katika wanafunzi wa kawaida hawakuweza kukisoma kitabu kile wakakifahamu. Twapasa kuwa waadilifu hapa. Hawakusema kuwa lugha ndiyo sababu peke yake. Walisema pia kuwa mafundisho yenyewe yalipangwa kwa kipimo cha watoto wa wenye nafasi. Lakini ni dhahiri kuwa mlango wa kwanza uliofungwa ni mlango wa lugha.

Watu hao hao hawakuishia hapo. Mwaka 1998 na 1999, Glewwe na Kremer, pamoja na Nauman Ilias, walipima jambo la pili katika wilaya zile zile. Zilitwaliwa skuli 100 tena, na nusu yake, yaani 50, waalimu wake wakaahidiwa zawadi za nguo na vyombo vya nyumbani endapo wanafunzi wao watafanya vyema katika mitihani. Alama katika mitihani ile iliyofungamana na zawadi zilipanda. Lakini walipotazama ndani ya madarasa waliona kuwa waalimu hawakuhudhuria zaidi ya zamani, wala hawakuwapa watoto kazi zaidi ya kufanya nyumbani, wala hawakubadili namna yao ya kusomesha. Lililozidi ni vipindi vya kuwatayarisha watoto kwa mtihani. Na zawadi zilipokwisha, faida ile nayo haikudumu.

Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, yeye na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa utafiti wa namna hii, na sehemu yake kubwa ilifanywa katika skuli za magharibi ya Kenya. Ajabu ni kwamba dunia nzima imesoma katika skuli za Busia, na sisi tulio katika nchi moja nao hatukusoma.

Tuyatie mambo haya mawili katika mizani. La kwanza latwambia: kitabu kisicho na lugha ya msomaji ni karatasi. La pili latwambia: mwalimu aliyevutwa kwa zawadi bila ya kukuzwa, huvutika kadiri ya urefu wa kamba, na kamba ikikatika hurudi mahali pake. Basi kilichokosekana katika yote mawili ni kitu kimoja, nacho ni mwalimu aliyekua.

Na kukua huku ni nini? Wengi wetu hudhani ni cheti juu ya cheti. Sisi hatudharau vyeti. Mwenye kukataa vyeti mara nyingi ni yule aliyevikosa. Lakini twaona kuwa mwalimu hupita daraja tatu. Daraja ya kwanza ni ya yule aliyeyahifadhi maneno ya somo lake kama alivyoyapokea. Huyu akiulizwa nje ya maneno hayo hukasirika. Daraja ya pili ni ya yule aliyeifahamu maana, naye akiulizwa hufurahi, lakini hawezi kuieleza ila kwa lugha ile ile aliyosomea. Daraja ya tatu ni ya yule ambaye maana imemkaa moyoni hata aweza kuivua nguo moja akaivisha nyingine, na umbo lake lisiharibike. Huyu ndiye mwalimu. Na mtu hajui kuwa yuko daraja gani mpaka ajaribu kulieleza somo lake kwa lugha ya mtoto aliye mbele yake.

Mmoja wetu alipita pande za Malaba, akaalikwa kuingia darasani. Mwalimu alikuwa akisomesha habari ya maji kugeuka mvuke. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akasoma, watoto wakasoma nyuma yake. Akauliza kama wamefahamu, na darasa zima likajibu kwa sauti moja kuwa wamefahamu. Wakati wa mapumziko mwenzetu alimwita kijana mmoja akamwuliza kwa Kiswahili, «Nguo iliyofuliwa hukaukaje?» Kijana akamweleza vizuri kuwa jua huyapasha maji moto yakawa kama moshi usioonekana, yakaenda zake juu. Kisha akamwonyesha maneno yaliyo ubaoni. Kijana aliyasoma yote bila ya kukosea, akasema hajui ni habari ya nini.

Fikirini! Maana alikuwa nayo, na maneno alikuwa nayo, wala hapakuwa na mtu wa kuyajulisha haya kwa yale. Mwenzetu akamwomba mwalimu, kwa adabu, alieleze somo lile kwa Kiswahili. Mwalimu alisita, akacheka kidogo, akasema, «Mzee, sisi wenyewe tulifundishwa hivi hivi.» Hatumlaumu. Alisema kweli, na katika kweli yake pana msiba wa vizazi viwili.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, alilieleza katika Mukadima yake zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Alisema kuwa ambaye lugha yake ya kwanza siyo ile ya elimu hupata taabu zaidi kuifikia elimu, kwani maneno huwa ni pazia baina yake na maana, na pazia halimwondokei mpaka lugha imkae barabara. Akataja pia wanafunzi wa Maghribi waliokuwa wakikaa katika madrasa miaka 16, na wa Tunis wakakaa 5, na wale wa miaka mingi wengi wao walikuwa wakihudhuria kimya, hawaulizi wala hawajadiliani, basi wakatoka na hifadhi nyingi na ustadi mchache. Njia nyepesi ya kuipata elimu, kwa maoni yake, ni kuufungua ulimi katika kuizungumza. Naye Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliweka katika wajibu wa mwalimu kuwa asimpe mwanafunzi ila kwa kadiri ya ufahamu wake.

Na juu ya hao wote, tazameni kisa cha Nabii Musa katika Sura ya Al-Kahf. Yeye ni Mtume aliyepewa Kitabu, na watu wamfuata kwa mafunzo, walakini alifunga safari ya taabu mpaka zinapokutana bahari mbili, ili akamtafute mwenye kujua asilolijua yeye. Hakuona aibu kuwa mwanafunzi baada ya kuwa mwalimu. Naye huyo huyo, alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake ili wamfahamu asemayo. Basi ikiwa Mtume aliona kuwa ujumbe wake wahitaji ulimi unaofahamika, mwalimu wa skuli ajitosheleze kwa nini?

Serikali nazo zimelijua jambo hili kwa karatasi. Tume ya Ominde mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kisha kamati ya Gachathi mwaka 1976 ikashauri kuwa miaka mitatu ya kwanza mtoto asomeshwe kwa lugha ya mahali anapokaa, na shauri hilo ndilo lililobaki kuwa mwongozo, na mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 umelishika. Katiba ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka, Uganda tangu mwaka 2007 iliweka lugha za wenyeji katika madarasa ya chini, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali Kiswahili kisomeshwe kwa lazima katika skuli za msingi na za sekondari. Kama sheria ingekuwa yasomesha, hapangekuwa na mtoto asiyefahamu. Lakini sheria haishiki chaki.

Hata kukua kwa waalimu kumeandikiwa sheria. Mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya ilitangaza mafunzo ya lazima kwa kila mwalimu aliye kazini, na mwalimu akatakiwa alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya waalimu vikapinga. Sisi hatuingii katika ugomvi huo, ila twasema: Mafunzo yatakayomwongezea mwalimu karatasi wala yasimwongezee neno moja la kumweleza mtoto, ni ghali hata yakiwa bure. Na mafunzo yatakayompeleka mwenye ujuzi mpaka darasani kwake, akae naye, amsikilize, kisha amshauri, yafaa kugharimiwa na serikali. Hilo lawezekana, kwani katika mpango wa Tusome, ulioenea nchini tangu mwaka 2015, wasimamizi walikuwa wakiwazuru waalimu madarasani, na kila mtoto akapewa kitabu cha Kiswahili na cha Kiingereza pamoja, na usomaji wa watoto ukapanda. Kitabu kiliingia kikiwa na mtu wa kukifungua.

Huenda mtu akasema, «Kiingereza ndicho chenye mkate. Karatasi za forodha pale Malaba huandikwa kwa lugha gani?» Twajibu: Kweli, na twataka watoto wetu wakijue Kiingereza barabara, kuliko wanavyokijua sasa. Lakini mtu hapandi ngazi kwa kuanzia kidato cha juu. Mtoto aliyefahamu jambo kwa lugha yake atatafuta neno lake la Kiingereza kama alitafutavyo mwenye mzigo gari la kuubeba. Asiyefahamu, umempa gari wala hana mzigo.

Mwengine atasema, «Katika mji wa mpakani, darasa moja lina makabila sita. Mwalimu aseme lugha gani?» Suala hili ni la haki, na jawabu yake si nyepesi. Lakini katika miji kama hiyo Kiswahili kipo, nacho watoto huchezea mpira na huuzia ndizi. Mwongozo wenyewe huelekeza katika miji yenye watu mchanganyiko kitumiwe Kiswahili. Mwalimu aanze nacho, na penye kiza awaruhusu watoto waelezane kwa lugha zao. Mtoto aliyemfahamisha mwenziwe kwa Kiteso hakuvunja kanuni ya skuli. Amemsaidia mwalimu kazi.

Sasa turudi nyumbani, kwani mwenye kutazama nyumba ya jirani bila ya kutazama yake ni mpuuzi. Sisi watu wa pwani twajifakhiri kuwa Kiswahili ni chetu. Lakini baba hufurahi mtoto akisema maneno matatu ya Kiingereza mbele ya wageni, wala hamwulizi maana yake. Mtoto wa Kidigo na wa Kigiriama huchekwa darasani kwa lafudhi yake, akanyamaza, na akinyamaza mwaka mmoja huzoea kunyamaza maisha. Na katika vyuo vyetu, wako watoto waliokhitimu masomo wakiwa na sauti nzuri, na ukiwauliza maana ya sura fupi wanayoisali kila siku, huinamisha vichwa kama yule kijana wa Malaba mbele ya ubao. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekufa mwaka 1947, alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu asiye na shaka, na hata hivyo katika miaka ya 1930 aliandika magazeti yake Sahifa na Al-Islah kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka kufahamika. Elimu yake haikupungua kwa hilo. Ndipo ilipowafikia watu.

Basi haya ndiyo tunayowanasihi waalimu, wa skuli na wa vyuo:

Kwanza, kabla ya kuingia darasani, mwalimu ajieleze somo lake mwenyewe kwa lugha ya watoto wake. Atakapokwama, ajue hapo ndipo asipofahamu.

Pili, asiulize «mmefahamu?», kwani jawabu yake ni moja siku zote. Amwambie mtoto mmoja amweleze mwenziwe, naye asikilize.

Tatu, awe na daftari la maneno. Kila neno gumu la somo aliandikie maelezo kwa Kiswahili chepesi, na akikosa aulize seremala, mvuvi, mkunga na mkulima, kwani hao wana maneno ambayo vitabu havina.

Nne, waalimu wawili wazuriane madarasani mara moja kwa mwezi, kila mmoja amwambie mwenziwe kosa moja na jema moja. Halina gharama ila ya kuvunja kiburi.

Tano, mzazi naye asimwulize mtoto amepata alama ngapi kabla ya kumwuliza, kwa lugha ya nyumbani, leo amefahamu nini.

Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake aombe kuzidishiwa elimu, wala hakumwamrisha kuomba kuzidishiwa mali wala cheo. Mwalimu aliyeiacha dua hiyo amekwisha kustaafu, hata kama jina lake lingali katika daftari la mshahara. Na yule wa Malaba aliyesema kuwa naye alifundishwa hivyo hivyo, twamwombea yeye na twajiombea sisi kuwa neno hilo liishie kwetu, wasije wanafunzi wetu wakalirithi.